Kuandaa kongamano la taifa la watoa tiba kwa vitendo: mwongozo kwa kamati

Kongamano la watoa tiba kwa vitendo hupimwa mlangoni, kabla mada ya kwanza haijasomwa. Kazi ya taaluma hii ni kuyalinganisha mazingira, shughuli na uwezo wa mtu mpaka mtu huyo aweze kufanya lile analotaka kufanya. Ikiwa mshiriki mwenye kitimwendo atabebwa na wenzake kupita ngazi tatu za ukumbi ili akasikilize mada juu ya utengamao, kamati imeshindwa jambo lake lenyewe, hata kama chakula kilikuwa kizuri na mgeni rasmi alifika.

Mwongozo huu umepimwa kwa kongamano la watu wapatao 150, siku mbili za mada na siku moja ya warsha, likifanyika Tanzania. Wenzetu wa Kenya na Uganda, wanaoita fani hii kwa majina mengine, watabadilisha kalenda na majina ya ofisi. Vipimo na hesabu havibadiliki.

Tarehe na mji, miezi tisa kabla

Anza na kalenda ya mwajiri. Washiriki wengi hulipiwa nauli, posho na ada na hospitali au halmashauri, na mwaka wa fedha wa Serikali huishia tarehe 30 Juni. Kongamano la Juni huangukia wakati vifungu vimekauka. La Julai nalo lina taabu yake, kwa kuwa fedha za mwaka mpya bado hazijaanza kushuka. Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri zaidi, na Oktoba ina faida ya ziada: tarehe 27 Oktoba ni Siku ya Tiba kwa Vitendo Duniani, inayoadhimishwa tangu 2010 chini ya Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo, WFOT, lililoanzishwa 1952. Vyombo vya habari ni vyepesi kuja siku yenye jina. Kaa mbali na wiki ya Nyerere Day ya tarehe 14, na katika mwaka wa uchaguzi mkuu ondoka Oktoba kabisa: barabara, hoteli na viongozi wote wanakuwa na shughuli nyingine.

Mji nao una kalenda yake. Dodoma ina kumbi nyingi na iko katikati ya nchi, lakini kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la Bajeti hujaza vyumba. Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC na chuo chake, hivyo wanafunzi na wakufunzi wapo mlangoni bila nauli, ila ukiangukia wikiendi ya mbio za Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hutapata kitanda. Arusha hupanda bei msimu wa watalii, Juni hadi Septemba. Angalia pia Ramadhani inaangukia wapi, kwa sababu huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na tarehe iliyokuwa salama mwaka juzi inaweza isiwe salama sasa.

Ukishapata tarehe, itangaze siku hiyohiyo, hata kama hujapata kaulimbiu. Mtoa tiba aliye peke yake katika hospitali ya mkoa, na wengi wako peke yao, anahitaji muda wa kuomba, kupanga wagonjwa wake na kutafuta wa kumshikia kliniki.

Ada: kosa ni kugawa kwa vichwa vyote

Gawa gharama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza halijali idadi ya watu: ukumbi, vipaza sauti, wakalimani wa lugha ya alama, machapisho, usafiri wa wazungumzaji walioalikwa. Fungu la pili hupanda kwa kila kichwa: chai mbili, chakula cha mchana, maji, cheti, kitambulisho.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Fungu la kwanza ni shilingi 18,000,000, na la pili ni 110,000 kwa mtu kwa siku zote. Kwa watu 150 jumla ni 18,000,000 kujumlisha 16,500,000, yaani 34,500,000. Kamati nyingi hugawa kwa 150, zikapata 230,000, zikatangaza ada hiyo. Halafu inakuja kuonekana kwamba wanafunzi 20, wazungumzaji 8, wakalimani 4 na wageni 8 hawalipi, lakini wote wanakula. Wanaolipa ni 110. Gawa tena: 313,636. Pengo la zaidi ya shilingi 80,000 kwa kila mlipaji ndilo linaloacha madeni hotelini. Ukipata ufadhili wa 6,000,000 ulioandikwa na kusainiwa, ada inashuka hadi 259,091, tangaza 260,000. Ahadi ya mdomo ya mfadhili isiingie kwenye hesabu.

Weka ada ya mapema na ada ya kuchelewa, tofauti yake isipungue asilimia 20. Tofauti ndogo haimsukumi mtu, na kamati inabaki bila idadi ya kumpa mpishi hadi wiki ya mwisho.

Mahali pa kwanza pa kupunguza ni mikoba yenye nembo. Fedha ya mikoba 150 hununua plastiki ya splinti (kifaa cha kushikilia kiungo katika mkao sahihi) ya kutosha warsha nzima, na hiyo ndiyo mshiriki anarudi nayo mikononi kama ujuzi.

Ukumbi: nenda na utepe wa kupimia

Usiulize hoteli kama ukumbi "unafikika". Watajibu ndiyo kwa nia njema. Nenda mwenyewe, ukifuatana na mtu anayetumia kitimwendo kila siku, na utepe wa mita 5. Anzeni mahali gari linaposimama na mpite njia yote ambayo mshiriki atapita: lango, mapokezi, ukumbi, choo, sehemu ya chakula, chumba cha kulala.

Mlango upimwe ukiwa umefunguliwa nyuzi 90, kutoka uso wa mlango hadi mwimo wa pili. Usipime kutoka mwimo hadi mwimo, kwa sababu unene wa mlango na kitasa hula sentimita kadhaa. Nafasi iliyobaki isipungue sentimita 80. 90 ndiyo nzuri. Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, idai sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji rampu ya mita 1.8, wala si ubao wa sentimita 60 ambao fundi wa hoteli atakuja nao asubuhi ya ufunguzi. Jukwaa la kimo cha sentimita 45 linahitaji rampu ya mita 5.4, na ni kumbi chache zenye urefu huo wa kuchezea. Kwa hiyo shusha meza kuu. Wazungumzaji wote wasimame sakafuni, skrini ipandishwe juu, jukwaa libaki na maua. Hakuna anayepoteza kitu, na mzungumzaji mwenye ulemavu haonekani kama shughuli maalumu.

Choo ndicho kinachoangusha hoteli nyingi. Kilichoandikwa alama ya kitimwendo mara nyingi kimegeuzwa stoo ya mafagio na ndoo, au mlango unafunguka kwa ndani na kuzuia kiti kuzunguka. Tafuta duara tupu la sentimita 150 sakafuni, kiti cha choo chenye kimo cha sentimita 45 hadi 48, na mkono wa kushikia uliofungwa ukutani kweli. Uvute kwa uzito wako wote kabla ya kuuamini. Kama mlango unafunguka kwa ndani, fundi anaweza kuugeuza kwa bawaba zilezile kwa nusu siku. Omba hilo liandikwe kwenye mkataba, na tarehe ya ukaguzi wiki moja kabla.

Ndani ya ukumbi, meza za mviringo za watu 8 zinahitajika 19 kwa watu 150. Ondoa kiti kimoja katika meza sita zilizotawanyika, mbele, katikati na nyuma, badala ya kuwapanga wenye vitimwendo mstari mmoja karibu na mlango. Kila nafasi iwe na upana wa sentimita 90 na urefu wa 130. Njia kati ya meza ziwe sentimita 120. Chini ya meza pawe na sentimita 70 wazi za magoti. Vitambaa vinavyogusa sakafu hunasa kwenye magurudumu, vikunjwe. Washiriki wenye ualbino wapate viti vya mbele vilivyopeana mgongo na dirisha, na ratiba yao ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi.

Meza ya chakula huwa juu, na masufuria yenye vifuniko huiongezea kimo. Aliyekaa haoni kilichomo. Weka mhudumu mmoja anayejua kutaja vyakula na kupakua kwa maelekezo ya mlaji, na mwambie asimwulize anayesukuma kiti, amwulize aliyekaa.

Tenga pia chumba kidogo cha utulivu, chenye mwanga hafifu, viti vinne na godoro moja. Kitatumiwa na mwenye maumivu ya mgongo, anayenyonyesha, mwenye usonji, na hata mwenzetu aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Mbeya.

Fomu ya usajili isiulize "Una ulemavu gani?" Iulize: "Unahitaji nini ili ushiriki kikamilifu?" kisha itoe machaguo: nafasi ya kitimwendo, mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa, msaidizi binafsi (asilipe ada, ila ahesabiwe kwenye chakula), gari la chini. Basi dogo la Coaster lina ngazi ndefu. Mtu anayehama kutoka kwenye kiti kwa ubao anahitaji gari dogo ambalo kiti cha mbele kinarudi nyuma vizuri.

Wakalimani, barua na risiti

Mkalimani mmoja wa lugha ya alama hawezi kufanya siku nzima. Wanafanya wawili wawili, wakipokezana kila dakika 20 hadi 30. Kwa vyumba viwili vinavyoendelea kwa pamoja unahitaji wanne. Waombe kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, angalau miezi miwili kabla, na wapelekee mada zote siku tano kabla. Maneno kama "mchakato wa hisi" au "splinti ya kupumzisha kiganja" hayana alama iliyozoeleka, nao wanahitaji muda wa kukubaliana na viziwi watakaokuwepo. Shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA, lialikwe kwenye kamati tangu mwanzo. Kuwaita siku ya ufunguzi ili wasalimie tu ni kuwatumia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inazungumzia ushiriki wao katika mambo yanayowahusu, na kongamano hili linawahusu kuliko mengi.

Barua ya mwaliko iende kwa mwenye mamlaka ya kuruhusu: Mkurugenzi Mtendaji wa hospitali ya rufaa, Mganga Mfawidhi, au Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Iandikwe siku 60 kabla. Itaje tarehe za kusafiri, si za kongamano pekee, kwa sababu posho hulipwa kwa usiku. Itaje ada, inajumuisha nini (chakula cha mchana ndani ya ada hubadilisha hesabu ya posho kwa waajiri wengine), na idadi ya pointi za mafunzo endelevu zilizoombwa kwa baraza la usajili. Pointi hizo ziombwe mapema kwa ratiba kamili yenye saa. Baraza halitoi pointi kwa kaulimbiu.

Mshiriki akirudi kazini lazima afanye marejesho ya masurufu. Atadaiwa risiti halali ya ada, cheti, na ushahidi kwamba alihudhuria. Tatua suala la risiti na mhasibu wa chama miezi mitatu kabla. Chama kikishindwa kutoa risiti inayokubalika, mshiriki hukatwa mshahara, na mwaka unaofuata harudi.

Ikisiri: mlango uwe mpana, chujio liwe safi

Tangaza wito wa ikisiri, yaani muhtasari wa mada, miezi saba kabla, funga miezi mitano kabla, jibu miezi minne kabla. Jibu la mapema ndilo linalomwezesha mwandishi kuambatisha barua ya kukubaliwa kwenye ombi lake la ruhusa.

Fungua makundi matatu: utafiti, kisa cha mgonjwa, na ubunifu wa kifaa. Ukiacha utafiti peke yake, utasikia sauti za chuo na hospitali kubwa tu. Aliye peke yake wilayani hana sampuli ya watu 60. Ana mama mmoja aliyepoteza mkono wa kulia na sasa anasonga ugali kwa mkono mmoja, sufuria ikiwa imefungwa kwenye fremu ya mbao. Kisa hicho kikiandikwa vizuri kina thamani: hali ilivyokuwa, tathmini ilionyesha nini, kifaa kina vipimo gani, kilitengenezwa na fundi gani kwa gharama gani, miezi mitatu baadaye kinatumika au kimetupwa uvunguni. Dai sehemu hiyo ya mwisho. Wengi huiacha, na ndiyo wasikilizaji wanayoihitaji.

Ikisiri iwe maneno 250 hadi 300. Kila moja isomwe na watu wawili wasiojua jina la mwandishi; alama zikitofautiana sana, msomaji wa tatu aamue. Sababu za kawaida za kukataliwa ni mbili: mwandishi ameandika "matokeo yatajadiliwa" badala ya matokeo, au amesifu huduma bila kusema mgonjwa sasa anaweza kufanya nini. Usimkatae kimya. Mpe wiki mbili za kurekebisha, na mtu mmoja wa kumsaidia kwa simu.

Utafiti uje na namba ya kibali cha maadili, cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au cha kamati ya taasisi. Kisa cha mgonjwa kije na ridhaa iliyosainiwa, na kwa mtoto isainiwe na mzazi au mlezi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kufunika macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu ambaye makovu yake, chumba chake na sare ya shule yake vinaonekana. Kata picha ibaki mkono na kifaa tu. Ridhaa ya kupigwa picha kliniki si ridhaa ya kuonyeshwa mbele ya watu 150 ambao nusu yao wataipiga tena kwa simu.

Kuhusu lugha: ruhusu Kiswahili kwa maneno ya mdomo hata kama slaidi ziko kwa Kiingereza. Wataalamu huzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili kila siku, na mjadala wa namna ya kumweleza mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hufa ukifanywa kwa lugha ambayo mama huyo haijui.

Ratiba na mgeni rasmi

Usiuweke ufunguzi rasmi saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi huchelewa kwa sababu ana majukumu mengine, na ukumbi mzima hukaa ukimsubiri huku mada za saa tatu zikiliwa. Anza na mada za kitaalamu saa mbili na nusu, mpokee mgeni saa nne na nusu, chai ifuate. Akiwahi, atasikiliza mada na kuelewa fani. Akichelewa, hakuna kilichoharibika.

Mada moja dakika 10, maswali dakika 5. Nne kwa kipindi, halafu ongeza dakika 10 tupu za kupokea ucheleweshaji. Mwenyekiti wa kipindi awe na kadi mbili, ya njano kwa dakika 2 zilizobaki na nyekundu kwa kukoma, na awe mtu anayeweza kumkomesha mkubwa wake kazini. Kwa watu 150 usizidishe vyumba viwili kwa wakati mmoja. Vyumba vitatu humwacha mtoa mada wa kisa akizungumza na watu kumi na wawili. Slaidi zote zikusanywe jioni iliyotangulia kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na projekta. Kubadilisha kompyuta kati ya mada hula dakika tatu kila mara.

Mabango yawe ya A0, sentimita 84 kwa 119, wima. Katikati ya bango iwe sentimita 120 kutoka sakafuni, ili aliyekaa na aliyesimama wote wasome. Herufi za maelezo zisishuke chini ya 24. Wahimize waandishi wachapishe kwenye kitambaa. Karatasi iliyosokotwa hupondeka kwenye buti la basi, lakini kitambaa hukunjwa ndani ya begi na kunyooshwa kwa pasi ya uvuguvugu upande wa nyuma.

Mkutano mkuu wa chama uwekwe siku ya pili kabla ya chakula cha mchana. Ukiuweka jioni ya mwisho, akidi haitatimia, kwa sababu wenye mabasi wameshaondoka, na uchaguzi utakaofanyika utakuja kupingwa.

Warsha: hapa ndipo kongamano linapolipa

Siku ya warsha itangulie siku za mada. Ikija mwisho, watu wamechoka na vifaa vimesambaa.

Warsha ya splinti ya kifundo cha mkono ichukue watu 16, wakufunzi wawili. Watu wafanye kazi wawili wawili, kila mmoja amtengenezee mwenzake. Karatasi moja ya themoplastiki, plastiki inayolainika ndani ya maji moto, ya sentimita 45 kwa 60 hutoa vipande vinne vya 22.5 kwa 30. Karatasi nne zinatosha watu 16, ya tano ni ya makosa, na makosa yatakuwepo. Unene wa milimita 3.2 unafaa. Velkro laini ya upana wa sentimita 2.5 inahitajika kama sentimita 90 kwa splinti, yenye vishikizo na gundi sentimita 30. Kwa jumla nunua mita 16 na mita 5. Mkasi mmoja mkali kwa watu wawili, na usiwe mkasi uliotumika kukatia velkro yenye gundi.

Plastiki hii ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam hulainika na kushikana karatasi kwa karatasi. Isafirishwe ikiwa imelala bapa, karatasi za kawaida zikiwa katikati, ndani ya chumba cha abiria.

Sasa umeme, unaoangusha warsha nyingi kuliko kitu kingine. Sufuria bapa ya umeme ya kupashia maji hula kama wati 1,500. Nne ni wati 6,000, zaidi ya ampea 26 kwa volti 230. Ekstensheni ya plagi ya ampea 13 haiwezi hata mbili kwa usalama ikifanya kazi muda mrefu. Zikiunganishwa pamoja, fyuzi hukata, kiyoyozi huzimika, maji hupoa, na saa nzima inapotea. Kutana na fundi umeme wa hoteli, akuonyeshe soketi zilizo kwenye sakiti tofauti, weka sufuria moja kwa kila sakiti, uzijaribu zote nne kwa pamoja siku moja kabla, kiyoyozi kikiwaka. Uliza pia kama jenereta inalisha soketi hizo au taa tu.

Maji yaanze kupashwa saa moja kabla. Joto la nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi linafaa kwa plastiki nyingi, lakini fuata lebo ya mtengenezaji, na tumia kipimajoto. Kuangalia mvuke kwa macho hakutoshi. Yakizidi, plastiki hunyooka kama ute na kuchukua alama za vidole. Yakipungua, hukakamaa kabla hujamaliza kiganja. Ikitoka, ilazwe kwenye taulo, ikaushwe pande zote, ijaribiwe kwenye ngozi ya mkufunzi, ndipo iwekwe kwa mtu. Kifundo kiinuliwe nyuzi 20 hadi 30. Kosa linalorudiwa na karibu kila anayejifunza ni kuipitisha splinti juu ya mkunjo wa mwisho wa kiganja, vidole vikashindwa kukunja ngumi. Mkufunzi apite akimwambia kila mmoja akunje ngumi kamili na agusanishe kidole gumba na kidole kidogo, plastiki ikiwa bado vuguvugu na inarekebishika.

Warsha ya pili inayofaa hospitali za wilaya ni viti vya watoto vya tabaka za maboksi na gundi ya unga. Hapa mtego ni muda. Ubao mmoja hutengenezwa kwa kubandika tabaka za boksi hadi unene wa sentimita 2 au 3, hukandamizwa kwa uzito, na huhitaji siku kadhaa kukauka. Wakati wa masika unaweza kuota ukungu kabla haujakauka. Hauwezi kuanzwa na kumalizwa siku moja. Kwa hiyo tengeneza mbao mbili wiki mbili kabla, zikauke kabisa. Siku ya warsha washiriki wabandike tabaka ili waishike kazi kwa mikono, kisha wahamie kwenye mbao zilizokauka kwa kupima mtoto, kukata na kuunga.

Gundi ni kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 4 au 5 vya maji. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, pika kama uji hadi ung'ae, uache upoe. Mabonge huleta mifuko ya hewa, na mfuko wa hewa ndipo ubao unapovunjikia. Wapo wanaotia mrututu kuzuia wadudu. Ni sumu, usiuweke kwenye kiti cha mtoto anayelamba trei yake. Rangi ya mafuta tabaka mbili, ikiwemo kingo na chini ya miguu ya kiti, hulinda maboksi dhidi ya maji na mate. Kingo zikisahaulika, maji hupenya hapo na kiti hufumuka ndani ya miezi.

Mtoto anayepimwa warshani asichoshwe. Dakika 20, mzazi akiwa pembeni, nauli na chakula vikiwa vimelipwa, na kiti kitakachotengenezwa kiwe chake. Vipimo vitatu vinatosha kuanza: nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti (toa sentimita 2 hadi 3), nyuma ya goti hadi kisigino, na upana wa nyonga. Vichukuliwe mtoto akiwa ameketi na nyonga zimekunjwa nyuzi 90. Akipimwa amelala amejinyoosha, kiti kinakuwa kirefu, anateleza mbele, na mzazi anarudi kumbeba mgongoni.

Baada ya watu kuondoka

Majina ya vyeti yabandikwe ukutani asubuhi ya siku ya kwanza, kila mtu asahihishe lake kwa kalamu, vichapwe usiku. Orodha ya mahudhurio isainiwe kila siku, asubuhi na mchana. Maazimio yasizidi matano, kila moja na jina la mwenye kulitekeleza na tarehe. Azimio lisilo na jina liondolewe kwenye orodha palepale ukumbini.

Vipande vya plastiki vilivyobaki visirudi stoo ya chama. Kipande cha sentimita 10 kwa 15 hutosha splinti ya kidole gumba, cha 5 kwa 8 hutosha kidole kimoja. Vipangwe kwa ukubwa, vifungwe kwenye bahasha, na kila mshiriki anayetoka kituo kisicho na plastiki asaini na kuondoka na bahasha yake kabla ya kupanda basi.